Kilio Hakina Kifungu: Namna ya Kuifikisha Hoja ya Uwindaji na Wanyamapori Bungeni

Nilikaa siku moja katika kikao cha kukusanya maoni, kwenye kijiji kinachopakana na pori la akiba. Mzee mmoja alisimama akazungumza karibu nusu saa. Alieleza jinsi tembo walivyoingia shambani usiku wa manane, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba, na jinsi mkewe alivyopiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Watu waliinamisha vichwa. Alipomaliza, karani akamuuliza kwa adabu, "Mzee wangu, sasa unataka kifungu gani kibadilike?"

Mzee akamtazama. "Mwanangu, mimi nimekueleza habari za tembo. Hicho kifungu nitakijulia wapi?"

Nilichungulia daftari la karani. Nusu saa ile yote ilikuwa imebaki mstari mmoja: Wananchi wanalalamikia tembo.

Baada yake alisimama mama mmoja, mhazini wa kikundi cha akiba na mikopo. Alizungumza dakika tatu, akisoma kwenye karatasi iliyotoka kwenye daftari la shule. Alitaja kanuni, akataja maneno anayotaka yaondolewe, akataja ya kuweka badala yake. Karani aliacha kuandika. Akanyoosha mkono: "Mama, naomba hiyo karatasi."

Mwongozo huu unahusu hiyo karatasi. Huenda wewe ni mwenyekiti wa jumuiya ya hifadhi, mwindaji mwenye leseni, mkulima aliyechoshwa na tembo, au mtu asiyetaka kusikia bunduki ikilia porini kabisa. Njia ya kuibadili sheria ni ileile kwa wote. Nitaueleza mfumo wa Tanzania, na mafunzo mengine nitayachukua kwa majirani zetu Kenya na mbali zaidi.

Kwanza, jua karatasi inayokubana

Watu husema "sheria ya wanyamapori" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni karatasi nyingi, na kila moja ina mwenyewe.

Juu kabisa ipo Katiba. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake, na ibara ya 27 inamtaka alinde maliasili ya nchi. Ukiandika maoni, anza na ibara hizo mbili: ya kwanza inakupa haki ya kusema, ya pili inaonyesha kwamba hukuja kubomoa.

Kisha ipo sera, iliyotolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2007. Ndiyo iliyofungua mlango wa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, ambazo wengi tunaziita WMA. Sera ni ahadi na haimfungi mtu mahakamani, lakini ni silaha nzuri pale sheria inapokwenda kinyume na ahadi hiyo.

Chini yake ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Humo ndimo lilimo jambo zito kuliko yote: wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ameshikilia dhamana hiyo kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuligusa hilo anahitaji muswada, Bunge na saini ya Rais.

Lakini mengi yanayokuudhi hayamo kwenye sheria. Yamo kwenye kanuni, ambazo Waziri huzitunga na kuzichapisha katika Gazeti la Serikali. Chukua kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioumizwa au kutiwa hasara na wanyamapori. Viwango viliwekwa na kanuni za mwaka 2011: shilingi milioni moja kwa familia ya mtu aliyeuawa, na kwa mazao malipo ya kila ekari, yasiyozidi ekari tano hata kama tembo wamefyeka kumi. Kupandisha kiwango cha namna hiyo hakuhitaji muswada. Kunahitaji Waziri atie saini. Umri wa simba anayeruhusiwa kuwindwa, masharti ya vitalu vya uwindaji, mgawanyo wa mapato ya WMA, yote hayo ni mambo ya kanuni.

Mwisho kabisa zipo sheria ndogo za kijiji chako mwenyewe. Halmashauri ya kijiji huziandaa, mkutano mkuu wa kijiji huzijadili, na halmashauri ya wilaya huzipitisha. Watu wanaoshinda wakilalamikia Dodoma mara nyingi hawajawahi kulitumia hata hilo dogo walilo nalo mkononi.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda basi, jiulize: hiki ninachokitaka kimekaa kwenye karatasi ipi, na saini ya nani inaweza kukibadili? Ukikosea hapo utamlilia mbunge kwa jambo la Waziri, na Waziri kwa jambo la mwenyekiti wa kijiji.

Daftari kabla ya hotuba

Mali bila daftari huisha bila habari, na hasara nayo ni hivyohivyo. Nunua daftari gumu la mistari, ligawe safu: tarehe, saa, mnyama na idadi, jina la kitongoji, ekari au mifugo iliyoharibiwa, nani alipima, taarifa ilipelekwa kwa nani na lini, majibu yalikuja lini. Safu hizo mbili za mwisho ndizo watu huzisahau, na ndizo zinazouma. Kamati inaweza kubishana nawe kuhusu idadi ya tembo. Haiwezi kubishana na tarehe za barua zisizojibiwa.

Afisa wanyamapori wa wilaya akija kupima, mwombe naye asaini humo. Kama mko ndani ya WMA, wekeni ukurasa wa pili wa mapato: fedha za kitalu na za utalii wa picha zilizoingia, na kiasi kilichofika kijijini. Kanuni za WMA zimeelekeza angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama. Anayesema "hatunufaiki" anajibiwa kwa maneno. Anayeweka mezani fedha iliyoingia na iliyofika, miaka mitatu mfululizo, atajibiwa kwa hesabu au hatajibiwa kabisa, na kutojibiwa huko nako ni ushahidi.

Wawindaji wenye leseni nao wana daftari lao: siku walizokaa porini, wanyama waliowaona, waliowaacha na kwa sababu gani. Mwindaji anayejua idadi ya aliowaacha husikilizwa kuliko anayejua idadi ya aliowaua.

Pua ya simba

Daftari lako litaeleza ya kijiji. Swali la "tukiwinda, watabaki?" linahitaji mtafiti, na hapa kuna mfano mzuri uliotoka kwetu.

Dume la simba likiuawa likiwa kijana, madume mengine huvamia kundi na kuwaua watoto wake. Risasi moja hugeuka vifo vingi. Watafiti walikuwa na kumbukumbu za simba wa Serengeti zilizoanza kukusanywa mwaka 1966. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha hesabu zao zikionyesha kwamba madume yakiachwa mpaka yapite umri wa miaka mitano hivi, yakalea kizazi kimoja, uwindaji hautikisi idadi ya simba. Tena walitoa kipimo ambacho mtu anaweza kukitumia akiwa na darubini: pua. Simba mchanga ana pua ya waridi. Kadiri anavyokua, madoa meusi huongezeka, na akifika umri huo karibu nusu ya pua imekuwa nyeusi.

Mwaka 2010 kanuni za uwindaji wa kitalii Tanzania ziliweka umri wa chini wa miaka sita kwa simba wa kuwindwa. Kilichosaidia utafiti ule kugeuka kanuni ni kwamba ulikuja na namba moja na namna ya kuipima. Haukuishia kusema "simba walindwe" au "uwindaji una faida."

Kwa hiyo mtafute mtu wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, au mwalimu wa chuo cha Mweka au Sokoine, umwombe mambo mawili tu: namba inayoweza kuandikwa kwenye kanuni, na namna ambayo askari wa kawaida anaweza kuikagua.

Andika maneno yenyewe

Hii ndiyo hatua inayotenganisha karatasi ya mama yule na nusu saa ya mzee. Gawanya ukurasa mmoja sehemu nne: kifungu au kanuni yenyewe, inavyosema sasa, inavyotuumiza (kwa sentensi mbili na takwimu moja kutoka daftarini), na maneno tunayopendekeza.

Tuseme kilio chenu ni kwamba kampuni inakuja kuwinda na kijiji hakijui imeruhusiwa wanyama wangapi. Wengi wataandika: "Wananchi washirikishwe katika masuala ya uwindaji." Hakuna atakayepinga sentensi hiyo, wala hakuna atakayeitekeleza, kwa sababu haimtaji mtu, haitaji kitendo na haina siku. Sasa jaribu hivi:

"Mkurugenzi wa Wanyamapori atapeleka mgawo wa wanyama wa kila kitalu, kwa maandishi na kwa Kiswahili, kwa jumuiya na kwa halmashauri ya kila kijiji husika, siku zisizopungua 30 kabla ya msimu wa uwindaji kuanza, na ndani ya siku 60 baada ya msimu kufungwa, atapeleka idadi ya wanyama waliowindwa na ada zilizolipwa."

Pima sentensi yako kwa maswali manne: nani atafanya, atafanya nini, lini, na asipofanya itakuwaje. Huo mfano wangu umejibu matatu. La nne ongeza wewe.

Chunga sana neno "anaweza." Kifungu kinachosema Waziri "anaweza" kufanya jambo kinampa hiari, na akilala usingizi hutamshitaki. Kinachosema "atafanya" kinambana. Nimeona watu wakishangilia kifungu kipya ambacho neno lake la tatu lilikuwa "anaweza."

Na usiogope lugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania kwa mujibu wa sheria. Sheria ya 2009 ilitungwa kwa Kiingereza, hivyo ukinukuu kifungu chake taja namba ili asipatikane wa kubishana kuhusu tafsiri, kisha pendekezo lako liandike kwa Kiswahili kilichonyooka.

Njia ya muswada, na saa ya kuingia

Muswada wa serikali huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha husomwa Bungeni Mara ya Kwanza. Siku hiyo haujadiliwi. Spika huupeleka kwenye kamati, na wa wanyamapori huenda Kamati ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Hapo ndipo mlango wako ulipo. Kamati hukaribisha wadau kutoa maoni kwa mdomo na kwa maandishi, na tangazo lake mara nyingi huacha siku chache mno. Atakayeanza kuandika baada ya kulisikia tangazo amechelewa, na muswada ukija kwa hati ya dharura huo muda wenyewe huyeyuka. Karatasi yako iwe tayari tangu msimu uliopita, kilichobaki kiwe kubadili namba za vifungu.

Baada ya kamati huja Mara ya Pili, ambapo Waziri hutoa hoja na wabunge huchangia. Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kwa kifungu. Hapa mbunge anaweza kuleta jedwali la marekebisho, yaani karatasi inayosema futa haya, weka haya. Ukimpelekea mbunge sentensi iliyokamilika, umemwandikia jedwali lake. Ukimpelekea kilio, umempa kazi. Kisha Mara ya Tatu, kisha Rais.

Kanuni zina njia fupi na ya kimya. Waziri husaini, zinachapishwa, zinaanza kazi, halafu hupelekwa Bungeni, ambako Kamati ya Sheria Ndogo huzichambua kuona kama zimevuka mamlaka yaliyotolewa na sheria mama. Watu wachache sana hukumbuka kuiandikia kamati hiyo. Ukiona kanuni imechukua mamlaka ambayo sheria haikuyatoa, iandikie.

Na usiusahau Mkutano wa Bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni. Wizara ya Maliasili inapoomba fedha zake, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi: anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Shilingi yenyewe haina thamani ya pipi. Thamani yake ni kwamba Waziri analazimika kusimama na kujibu jambo lako, lile lile, mbele ya nchi, na majibu yake yanaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Ukurasa huo wa Hansard uweke kwenye faili. Mwaka unaofuata utaufungua na kuuliza, "Mheshimiwa alituahidi hapa, imefikia wapi?"

Usifunge mizigo miwili kwa kamba moja

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 2004 G. G. Kariuki, mbunge wa Laikipia Magharibi, alileta muswada binafsi wa kurekebisha sheria ya wanyamapori. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo wakulima na wafugaji waliyataka kwa hamu, ikiwemo fidia kubwa zaidi. Mlikuwa pia na mlango wa kurudisha uwindaji wa aina fulani. Bunge liliupitisha Desemba 2004. Wapinzani wa uwindaji wakapiga kelele, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Uwindaji ukazama, na fidia ikazama nao.

Fidia ilirudi katika sheria ya mwaka 2013, bila uwindaji: shilingi milioni tano za Kenya kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Kulipwa kwake kwa wakati ni kilio kingine, lakini kifungu kipo. Jifunze mambo mawili hapo. Jambo ambalo wengi wanalikubali usilifunge pamoja na jambo linalogawa watu. Na usihesabu kura za wabunge pekee; muswada haujawa sheria mpaka Rais asaini, na kati ya Bunge na Ikulu kuna watu wengi ambao hukuwahi kuzungumza nao.

Zungumza nao mapema, hasa wasiokubaliana nawe. Mwindaji na mpinga uwindaji wanaweza wasielewane kamwe kuhusu nyara, lakini wakasaini barua moja kuhusu ushoroba wa wanyama unaozibwa na mashamba. Barua yenye saini za mahasimu haipiti chini ya meza.

Kumbuka pia kwamba sheria nyingine zinazokugusa hutungwa mbali. Hesabu za tembo wa Tanzania zilishuka kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili, na Aprili 2014 Marekani ikazuia nyara za tembo wa Tanzania kuingia kwake. Uingereza nayo ilikuwa na muswada wa kupiga marufuku nyara, uliopita baraza la chini Machi 2023 kisha ukakwama kwa Malodi. Viongozi wa jamii za kusini mwa Afrika walipeleka hoja zao London. Kama jumuiya yako inakula kwa kitalu, mambo ya huko nayo ni ya kwako.

Mlango wa jirani

Wakati mwingine sheria ya wanyamapori haifunguki, na ufunguo uko nyumba ya pili. Wahadzabe ni wawindaji na wakusanyaji, na mwaka 2007 bonde lao la Yaeda lilikuwa karibu kuwekwa mikononi mwa kampuni ya uwindaji kutoka ng'ambo. Walikataa, sauti yao ikafika mbali, kampuni ikajiondoa. Lakini kelele hupoa. Kilichowapa kinga ya kudumu zaidi kilitoka kwenye sheria ya ardhi: mwaka 2011 Wahadzabe wa Domanga walipata hati ya haki miliki ya kimila kama kikundi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Haki ya kuwinda haina maana kwa mtu asiye na pori. Angalia kama hoja yako si ya ardhi, ya misitu au ya serikali za mitaa iliyovaa ngozi ya mnyama.

Mikono iwe safi

Safari ya Dodoma ina nauli, na kuna wengi watakaojitolea kuilipa: kampuni ya uwindaji, kampuni ya picha inayotaka kitalu hichohicho, shirika lenye msimamo wake. Ukipokea, sema hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe kwenye muhtasari. Usiposema, atasema mwingine, siku ambayo unajibu maswali ya kamati. Na bahasha kwa mbunge au afisa usiithubutu. Mbali na kukamatwa na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, utakuwa umemfundisha kwamba hoja yako ina bei, na mwenye kitalu ana bahasha nene kuliko yako.

Beba muhtasari wa mkutano mkuu wenye mahudhurio na saini. Kamati huuliza, "Umetumwa na nani?" Mtu mmoja mwenye muhtasari ni kijiji kizima. Watu ishirini wasio nao ni watu ishirini.

Ukirudi nyumbani

Ita mkutano ndani ya wiki mbili. Soma ulichopeleka, neno kwa neno, kisha useme ulichojibiwa. Kama kifungu chenu kimeingia, fungua ukurasa mpya daftarini: lini kilianza kutumika, nani alipaswa kufanya nini, amefanya?

Nilipita tena kijiji kile mwaka uliofuata. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji na daftari la safu nane mapajani, kalamu sikioni, akimhoji kijana aliyekuja kutoa taarifa ya tembo. Kijana alikuwa ameanza mbali, na usiku na kelele na mbwa.

"Ngoja, ngoja," mzee akamkatiza. "Kwanza nipe saa."